Kaluki na Kiti cha Nyumba ya Juu

Ukiingia Kiandutu, mtaa wa vyumba vya kukodisha pale Thika, asubuhi, utasikia kinu cha Kaluki kabla hujaiona nyumba yake. Du. Du. Halafu kimya kidogo. Halafu du.

"Kaluki," nilimuuliza siku moja, "hapo katikati ukisimama huwa unafanya nini?"

"Naangalia."

"Unaangalia nini na macho umeyafumba?"

"Si ndiyo nayafumba ili niangalie, Mama Jackie."

Ndivyo alivyo. Akitwanga mahindi ya muthokoi anafumba macho, mchi unapanda na kushuka kama wenyewe, maganda yanatoka, na ukungu wa mtoni unapanda polepole mpaka mabati ya Kiandutu yanakuwa kama si mabati tena, yanakuwa kama maji yaliyosimama. Mimi hukaa juu ya gunia nikingoja mzigo wangu, na mara nyingi nasinzia. Nimeota ndoto nzuri sana juu ya lile gunia. Mungu anisamehe, nyingine nimeota saa ambayo ningekuwa naomba.

Nauza chakula Mwihoko, kibanda kidogo tu. Watu wa Ukambani wanaokodisha vyumba upande wetu hawashibi kama hawajapata muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, yakapikwa na maharagwe. Kwa hivyo kila wiki nafika Thika kwa Kaluki. Tena sisi ni wa kanisa moja, Hema ya Amani, na ndilo lililoleta hii habari yote.

Wageni hushangaa wakisikia kanisa letu lina Nyumba ya Chini na Nyumba ya Juu, kama bunge. Aliyelianzisha alikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa huko Ruiru, siku za wakoloni. Akiwa anapanga sahani mezani alikuwa anasikia Wazungu wakiongea juu ya nyumba yao ya kutunga sheria kule Uingereza, ile ya juu, ambayo mtu anawekwa na mfalme na anakaa humo mpaka afe, na anaitwa kwa jina la mahali. Lodi wa mahali fulani. Mengine hakuyajali, lakini hilo la mahali lilimwingia moyoni. Alisema mtu akiitwa kwa jina la mahali hawezi kupasahau, na akipasahau watu watamkumbusha.

Kwa hivyo alipojenga kanisa aliweka mbele sakafu ya mbao, unapanda ngazi tatu, na hapo ndipo Nyumba ya Juu. Wanaokaa pale wanakaa maisha yao yote. Kila mmoja ana mahali pake: kuna wa Ngoliba, kuna wa Gatuanyaga, kuna wa Kilimambogo. Siku ya mkutano mkuu karani anasimama na kuita, "Ngoliba imeamkaje?" Mwenye Ngoliba anasimama anaeleza nani anaumwa, kisima gani kimekauka, nani amejaliwa mtoto, kisha sisi wote tunaiombea Ngoliba. Halafu karani anaita pengine. Nimekaa kwenye hiyo sala tangu nikiwa msichana. Ukifumba macho ni kama unapita juu ya nchi na mabawa.

Na kuna sharti moja. Mtu akipewa kiti, anataja mahali pake, na wenyeji wawili wa hapo lazima wasimame wamkubali. Mwanzilishi alisema mahali hapabebwi na mtu mmoja. Wasiposimama wawili, hilo jina limeanguka.

Sasa, siku zilivyoenda, viti vikawa vinarithiwa. Baba akifa anakaa kijana wake, hata kama kijana anaishi Nairobi na hajui njia ya kwao inapinda wapi. Kulikuwa na mmoja, kila akiulizwa, jibu ni "Imeamka vizuri." Mwaka ule wa ukame ng'ombe wakilala chini barabarani, imeamka vizuri. Basi mwaka jana mkutano ukakata hilo neno: hakuna kurithi, viti ni vya maisha ya mtu mmoja na vikiisha vimeisha. Cha ajabu, siku hizo hizo redio ikasema huko Uingereza nako wanawaondoa wale waliorithi viti vya baba zao, na mfalme anataja wapya wa kukaa maisha yao tu.

Mume wangu Waweru akaweka kikombe chini. "Hao wamesikia habari za Hema ya Amani," akasema. Alikuwa na uso wa mtu asiyetania.

Viti viwili vilikuwa wazi. Kwetu hakuna kampeni. Nyumba ya Chini, ndio sisi waumini tunaokaa chini, inaulizwa swali moja: ni nani asipokuja mnamtafuta? Watu wa Ruiru wakasema Kiama wa Gatong'ora, yule anayebeba wagonjwa kwa pikapu yake hadi hospitali na haulizi ya mafuta. Watu wa Thika wakakaa kidogo, halafu mama mmoja nyuma akasema, "Kaluki," na kabla hajakaa wengine walikuwa wanalisema hilo jina kama wimbo walioujua.

Hajawahi kukaa pale juu mtu wa chumba cha kukodisha.

Kaluki alizaliwa upande wa Masinga. Akaolewa na Kilonzo bado msichana, wakaja Thika kwa sababu Kilonzo alipata kazi ya kiwanda cha nguo. Wakachukua chumba Kiandutu. "Ni cha kujishikilia tu," Kilonzo alimwambia, "tukipata kidogo tunarudi nyumbani kujenga." Sijui kama kuna mtu Kiandutu ambaye hajaambiwa hayo maneno, ama hajamwambia mwingine. Kiwanda kikafunga, Kilonzo akaanza kukohoa, na kabla mtoto hajazaliwa yeye alikuwa amelala Masinga kwa baba zake, chini ya ule mchanga mwekundu. Kaluki akarudi Thika na tumbo lake. Mtoto akazaliwa mle mle chumbani, mvua ikipiga mabati hata mkunga akawa anaongea kwa mikono. Akamwita Kyalo, jina la safari, maana alikuwa bado anaamini wako safarini.

Kisha akaanza kutwanga. Na kitu kingine alichoanza hakuna aliyemtuma. Mtu akiugua kwenye ule ujia wao, hata kama alihamia jana na hajaanza kusalimiana na watu, atasikia mlango umebishwa. Ni Kaluki na uji. Anakaa mpaka umekunywa, hasemi kitu, anachukua kikombe chake anaenda. Hata neno la Mungu halisemi. Mimi ningesema. Lakini nimeona watu wazima wakilia baada ya yeye kutoka, kwa hivyo siku hizi nimejifunza kunyamaza kidogo.

Wiki ya mwisho kabla ya mkutano nilimkuta Kyalo kwa mama yake. Sasa ni mwanaume mzima, fundi wa stima, anakodisha chumba Mwihoko si mbali na kibanda changu. Ana mchumba anaitwa Ciku, msichana mpole wa huko Gatong'ora, na baba yake Ciku, Mzee Githae, ni mtu wa ng'ombe wa maziwa na maneno machache. Kyalo alikuwa amewaalika waje waone mama yake akipewa kiti, na kwa vile Kiama ni jirani yao, wangekuja tu.

"Mum," Kyalo alikuwa anasema, "utasema Masinga. Si ndiyo?"

Du. Du. "Nitasema Kiandutu."

"Mum!"

"Nini?"

"Unajua Kiandutu ni nini kwa Kikuyu? Ndutu ni funza. Utasimama mbele ya baba yake Ciku uitwe Kaluki wa Mahali pa Funza?"

"Kwani penye funza hapaombewi?"

Nilicheka hadi gunia likasogea. Kyalo akanigeukia. "Mama Jackie, tafadhali, usimsaidie."

"Mimi nimesema nini? Mimi nangoja mahindi."

Ajwang alikuwa anapita na mkokoteni wa mitungi ya maji. Huyo ni jirani wa Kaluki, mlango kwa mlango, mtu wa Ugenya ambaye kila Desemba husema anaenda nyumbani na harudi tena, na kila Januari yuko. "Mheshimiwa!" akaita. "Hicho kiti ni cha ngozi ama cha plastiki?"

"Cha mbao," Kaluki akajibu, "na wanasema kina msumari."

"Basi uende na mto. Usiseme sikukwambia." Akapita, magurudumu yakilia.

Kyalo hakucheka. Akachuchumaa mbele ya kinu, na sauti yake ikashuka. "Mum, Githae anajua mimi ni wa Masinga."

"Na ni kweli. Baba yako yuko huko."

"Anajua nimezaliwa huko. Nilimwambia nimekulia kwa shamba letu."

Kaluki akasimamisha mchi. "Shamba gani, mwanangu?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kuonyeshwa hilo shamba, pengine lipo na yeye hakuliona.

Kyalo akaangalia chini. "Akisema msichana wake hawezi kuolewa Kiandutu, nitafanya nini?"

Hapo Kaluki akauweka mchi chini. Hana mtoto mwingine. Alikaa kwenye kibao, akafuta vumbi la mahindi usoni, na akaanza kueleza, maneno yakitoka mbali.

"Juzi mchana nilipumzika kidogo hapo kitandani. Nikaona nimesimama hapa nje, na ujia wote umenyamaza, na milango yote iko wazi, hakuna hata pazia. Na kuna mtu anapita anasimama kila mlango. Sikumwona uso. Anasimama, anasikiza, anaenda mlango mwingine. Nikajua anatafuta jina la hapa aliite, na hakuna aliyemwambia. Kyalo, mimi nimekaa kwenye ile sala miaka yote. Nasikia Ngoliba imeamkaje, Gatuanyaga imeamkaje. Sijawahi kusikia Kiandutu. Masinga ina watu wa kuiombea. Sisi hapa tunakaa tu kama watu waliojikinga mvua chini ya dirisha la duka. Hakuna anayesema ni kwake."

"Kwa sababu si kwao, mum."

"Ndiyo. Sasa nani ataiombea?"

Kyalo akasimama, akajipangusa magoti. Aliondoka bila kunywa chai. Kaluki akakaa muda mrefu na macho wazi, jambo ambalo si kawaida yake akiwa karibu na kinu. "Nikikosa mke wa mtoto wangu kwa ajili ya jina," akaniambia, "nitakuwa nimetwanga nini maisha yangu yote?" Nikamwambia tuombe. Tukaomba. Nilipofumbua macho yeye alikuwa bado amefumba.

Siku ya mkutano kulikuwa na jua la asubuhi ya Thika, lile linalokuja na harufu ya mananasi hata kama huoni nanasi. Kanisa letu ni la mabati, na mabati yana matundu ya misumari, kwa hivyo mwanga huingia kwa vidoti vidoti, unawaangukia watu mabegani. Nikikaa pale huwa naona kama mbingu imeshuka mchana na nyota zake zote. Tuliimba Kikamba, tukaimba Kikuyu, tukachanganya, kila mtu akawa anaimba lugha ya jirani yake.

Kaluki alikuwa amevaa gauni la bluu na kitambaa cheupe, amekaa mbele kabisa. Nyuma ya mgongo wangu alikaa Githae na mkewe na Ciku, na Kyalo kando yao na shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Ajwang alikuwa amesimama mlangoni. Yeye si wa kanisa letu wala la mtu yeyote. Alisema amekuja kwa ajili ya chai.

Wakaanza na Kiama. Askofu Kitheka, mtu mzee mwenye sauti ya kulalisha watoto, akamuuliza, "Utaitwa wa wapi?"

"Wa Gatong'ora."

"Wenyeji wa Gatong'ora wasimame."

Nikasikia viti vikikwaruza huku na huku. Walisimama watu kama shamba la mahindi likiinuliwa na upepo. Githae mwenyewe alisimama, kofia mkononi, shingo imenyooka. Na kwa nini asisimame? Babu yake amezikwa huko. Kiama akapanda ngazi akilia, karani akampa mkono, watu wakapiga makofi.

"Mama Kaluki," Askofu akasema. "Utaitwa wa wapi?"

Kaluki akasimama. Aligeuka kidogo, akamtafuta Kyalo kwa macho, akampata. Sijui walichoambiana. Halafu akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Kiandutu."

Nyuma yangu nikasikia Mama Ciku akivuta pumzi. "Atĩ Kiandutu?"

"Wenyeji wa Kiandutu wasimame," akasema Askofu.

Hakuna aliyesimama.

Nataka uelewe jambo hili, maana mtu wa mbali anaweza kudhani watu walimchukia. Hapana. Watu wa Kiandutu walikuwa wamejaa mle ndani. Niliwaona, mmoja mmoja: yule aliyeletewa uji akiwa na homa ya mapafu, yule aliyeletewa alipojifungua, yule mzee wa kushona viatu. Ndio hao hao waliolitaja jina lake. Lakini sasa kila mmoja alikuwa anaangalia miguu yake. Na nilijua wanafikiria nini, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyo. Mtu wa kwetu ukimuuliza nyumbani ni wapi, hakutajii anapolala. Anakutajia mlima. Anakutajia mto lilipo kaburi la baba yake, hata kama hajafika huko tangu mazishi. Kukodisha si kukaa, ni kungoja. Sasa uje usimame mbele za Mungu na za watu useme wewe ni mwenyeji wa Kiandutu? Ni kama kusema shamba la baba umelitupa. Ni kama kusema safari imeisha na umefika hapa.

Vile vidoti vya mwanga vilikuwa vimesogea kutoka mabegani vikafika mapajani. Mahali fulani nje kuku alikuwa anajisifu.

Askofu akainama. "Mama," akasema polepole, "hatutaki ukose kiti. Taja Masinga. Watu wa Masinga wako hapa, watasimama sasa hivi."

Na kweli niliwaona, wameshika viti tayari. Ilikuwa neno moja tu. Angelisema, angepanda, Kyalo angeoa, sote tungekunywa chai.

"Baba Askofu," Kaluki akasema, "ngoja kidogo." Akafumba macho. Alisimama pale mbele ya watu wote kama anavyosimama kwenye kinu, katikati ya du na du, na mimi nikaogopa kweli kwamba amelala. Uso wake ulikuwa umetulia. Nikafikiri, anapita. Anapita kwenye ule ujia anasimama kila mlango.

"Askofu!" Sauti ilitoka mlangoni. Ni Ajwang. "Naomba kuuliza. Mtu akisimama hapo, lazima azikwe Kiandutu?"

Watu wakacheka, kwa wasiwasi.

"Hapana, baba," akasema Askofu. "Ni kukubali tu kwamba hapo ndipo unapoishi."

"Sasa si mngesema! Mnatutisha bure." Akaingia ndani, akavua kofia. "Mimi kwetu ni Ugenya na nitazikwa Ugenya, hiyo muijue, msije mkanichimbia huku. Lakini mwaka juzi niliposhikwa na malaria, uji haukutoka Ugenya." Akaangalia huku na huku. "Nisimame wapi?"

"Hapo hapo umesimama," Askofu akasema.

Karani akamnong'oneza Askofu kitu. Askofu akatikisa kichwa. "Sharti linasema mwenyeji. Halisemi muumini. Amesimama mmoja. Anatakiwa wa pili."

Watu wakaanza kugeuka kwenye viti vyao. Nikasikia nyuma yangu kiti kikisukumwa. Sikugeuka mara moja. Nilijua ni nani kwa kuona uso wa Kaluki, maana alikuwa amefumbua macho.

Kyalo hakumwangalia Askofu. Alimwangalia Githae. "Baba," akasema, kisha akaanza tena. "Baba, nilikwambia nilizaliwa Masinga. Masinga ni kwa baba yangu, na amelala huko. Mimi nilizaliwa Kiandutu, kwa chumba cha huyu mama, na sijawahi kukulia kwa shamba lolote. Mimi ni mwenyeji." Halafu akamgeukia Askofu, kama amekumbuka kwamba ndiye aliyeuliza. "Nimesimama."

"Wui," akasema mama mmoja wa Kikamba karibu nami, akasimama na yeye. Yule mzee wa viatu akasimama. Wengine wachache wakasimama, polepole, kama watu wanaoamshwa usingizini. Si wote. Wengi walibaki wamekaa, na siwalaumu, hilo si jambo la kuamuliwa asubuhi moja. Lakini walikuwa wametosha na kuzidi.

"Kaluki wa Kiandutu," akasema Askofu Kitheka, "panda."

Akapanda zile ngazi tatu akishika gauni lake. Alipokaa aligusa kiti kwa mkono kwanza, nadhani anatafuta msumari.

Chai ilinywewa nje. Kaluki alikuwa amezungukwa na watu, lakini macho yake yalikuwa upande wa Githae, na yangu pia. Githae alimaliza kikombe chake. Ciku alikuwa amesimama kando ya Kyalo, hajamshika mkono wala hajamwacha. Kisha mzee akaweka kikombe kwenye nyasi.

"Kwa nini ulinificha?"

"Baba, lile jina..."

"Jina lina nini? Ndutu?" Githae akamtazama muda. "Mimi nikiwa mtoto ndutu zilinila miguu hadi nikawa natembelea visigino. Nyanya yangu alizitoa moja moja kwa pini, huku akinichapa. Ndutu nazijua kuliko wewe." Mke wake akaziba mdomo na kitambaa. "Ndutu haijaniudhi. Uongo ndio umeniudhi. Umekula kwangu ukanitajia shamba. Nikakuuliza unalima nini, ukasema maharagwe."

"Nilisema maharagwe," Kyalo akakubali.

"Maharagwe gani?"

"Hakuna, baba."

Githae akavaa kofia. "Mimi simpi mtu msichana wangu na sijui ametoka mlango upi. Nipeleke."

Basi tukaenda kwa miguu, si mbali, Kaluki mbele na gauni lake la bluu, Githae nyuma yake akiangalia kila kitu: mitaro, kamba za nguo, redio zinazoongea ndani ya vyumba kama watu wanaoota kwa sauti. Watu waliokuwa kanisani walikuwa wametangulia, wakawa wanasimama milangoni. Walimwangalia Kaluki akipita kama hawakuwahi kumwona, na yeye aliwapungia mkono kama kawaida.

Nyumbani kwake hakuna sebule. Ajwang akatoa benchi yake, akaipangusa kwa kofia, akaiweka juani kando ya mlango. "Kaa, mzee. Hii benchi ni ya wageni wakubwa tu. Wewe ni wa kwanza."

Githae akakaa. Akauliza chumba ambamo Kyalo alizaliwa, akaonyeshwa mlango. Akauliza maji yanatoka wapi, Ajwang akamweleza kwa urefu sana. Akauliza kinu kimekatwa kwa mti gani. Kaluki akawasha makaa, Ciku akaingia ndani bila kuambiwa akatafuta sufuria, na Mama Ciku akakaa juu ya gunia langu. Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya mabati yote, hakuna upepo. Tulipogeuka kumpa mzee uji, alikuwa amelala.

Alilala kabisa, kichwa kimeegemea ukuta wa bati, mdomo wazi kidogo, mikono juu ya magoti. Kyalo akataka kumwamsha.

"Wee," Mama Ciku akanong'ona, "mwache. Huyo hata kwa harusi ya dada yake hakulala."

Kwa hivyo tukaongea kwa kunong'ona. Aliyepita na redio aliizima. Mtu wa chumba cha pili alifungua mlango wake polepole, akaunyanyua kwa mikono ili bawaba zisilie. Ajwang aliubeba mkokoteni wake upande mmoja ili gurudumu bovu lisiguse chini, na alikuwa anatokwa na jasho, na sisi tukicheka bila sauti mpaka machozi. Sijui tulikaa vile muda gani. Mimi mwenyewe nilikuwa kati ya kuwa macho na kutokuwa.

Githae aliamka mwenyewe. Akapangusa kidevu, akatuangalia wote kama anatuhesabu, akaangalia jua limefika wapi. Hakuaibika. Akapokea uji, akaunywa wote.

"Kyalo."

"Ndiyo, baba."

"Mtakuja ruracio, mlete mahari, baada ya mavuno. Mje na wazee wenu wa Masinga, hilo ni sawa, waje." Akamrudishia Kaluki kikombe kwa mikono miwili. "Lakini wakija, waje hapa kwanza walale. Mtoke hapa. Sitaki kusikia mmetokea mahali pengine."

"Tutatoka hapa, baba," akasema Kyalo.

"Na mimi je?" Ajwang akauliza. "Mimi ni mwenyeji, nimesimama mbele ya kanisa. Mbuzi zitabebwa na nini kama si mkokoteni?"

"Ule unaolia?" akauliza Githae.

"Nitautia mafuta, mzee."

Kaluki alikuwa ameinama juu ya makaa, anaongeza maji kwenye sufuria, maana watu wa ujia wote walikuwa wameanza kuja na vikombe vyao.